Ucheleweshaji wa ndege kutokana na msongamano wa anga

Msongamano wa anga ni hali inayotokea pale ambapo ndege zinazotaka kupita katika eneo moja kwa wakati mmoja ni nyingi kuliko uwezo wa waongoza ndege kuzihudumia kwa usalama. Hapo baadhi ya ndege husubiri chini au huzunguka angani.

Sababu

Ndege lazima zitenganishwe kwa umbali, muda au kimo. Pasipo na rada, ndege zinazofuatana katika kimo kimoja kwa kawaida huachiana takriban dakika 10. Penye rada nafasi hiyo inaweza kupungua hadi kilomita 9 hivi.

Tarehe 25 Septemba 2008 nchi za Afrika zilipunguza nafasi ya wima kati ya ndege zinazoruka kati ya futi 29,000 na 41,000, kutoka futi 2,000 hadi 1,000. Hivyo vimo sita viliongezeka. Baadaye Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilifunga rada mpya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe.

Kaskazini mwa Tanzania

Ndege ndogo za watalii kutoka Arusha kwenda Serengeti hupita juu ya wilaya za Karatu na Ngorongoro. Nyingi huondoka asubuhi na kutua katika viwanja kadhaa kwa safari moja. Ukungu ukifunika kingo za kreta ya Ngorongoro, ndege zilizosubiri zinaweza kutaka kuondoka kwa pamoja. Ucheleweshaji wa kituo cha kwanza huhamia vituo vinavyofuata. Kwa kuwa viwanja vingi vya mbugani havina taa, ndege iliyochelewa sana inaweza kushindwa kufika kabla ya jua kuzama, na abiria wakalala njiani.

Hatua za mashirika ya ndege

Shirika haliwezi kuongeza anga, lakini linaweza:

* kutawanya safari zake nje ya saa za msongamano;
* kuacha muda wa akiba kati ya safari na safari;
* kuandaa mapema njia na kimo mbadala;
* kuwa tayari kuondoka kwa wakati lililopangiwa, kwani likiukosa hupangiwa upya;
* kusubiri chini injini zikiwa zimezimwa, badala ya kuteketeza mafuta angani;
* kuwa na ndege na marubani wa akiba.