Kutoka Uwanja wa Newala Hadi Ukumbi wa Mlimani

Neno chuo, tulitamkapo siku hizi, huzipeleka fikira zetu kwenye kumbi za mihadhara, maktaba na vyeti. Lakini neno hilo ni la kale kuliko majengo hayo. Wazee wa pwani waliita chuo kitabu, na vilevile mahali mtoto alipopelekwa kukisoma mbele ya mwalimu. Tukilichukua kwa maana pana ya mahali pa kukabidhiana elimu, tutaona kwamba Newala, iliyo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde ikitazama bonde la Ruvuma, pamoja na jirani yake Masasi, zilikuwa na vyuo vyake kabla ya shule ya kwanza kujengwa.

Vyuo hivyo ni jando na unyago. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, vijana walitengwa na kijiji, wakawekwa chini ya watu wazima waliokubaliwa kuwa walimu wao. Huko walifunzwa adabu, kazi, wajibu wa ndoa na heshima kwa wakubwa. Somo lilitolewa kwa wimbo wenye fumbo, na fumbo likafumbuliwa kwa maelezo. Siku ya kutoka, kijiji kizima kilikusanyika uwanjani. Ngoma zikalia, na kwa Wamakonde wachezaji wa vinyago wakatokea. Hapakuwa na viti vya watazamaji. Mama aliyepiga vigelegele, mzee aliyeitikia wimbo na kijana aliyecheza, kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika shughuli ile. Ngoma ya sindimba ina asili yake katika mazingira hayo.

Elimu hiyo iliwavuta wageni mapema. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha kusini, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, Ujerumani, alifika Masasi na Newala. Alikuja na mashine ya kunasa sauti katika nta, akakusanya nyimbo, picha na vinyago, kisha akarudi navyo kwao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908 kwa Kijerumani. Hatuwezi kukana kwamba alihifadhi mengi. Lakini aliyahifadhi mbali na wenyewe, kwa lugha wasiyoisoma.

Wamisionari nao walikuwa na njia yao. Misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyoweka makazi Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, ilikaa na watu waliothamini jando kuliko darasa lake. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, hakuona faida ya kulipiga marufuku. Alilipa jando sura ya Kikristo, akiondoa asiyoyaafiki na kutia ibada ya kanisa, na mapadri Waafrika walishiriki katika kazi hiyo. Hata mgeni aliyekuja kufundisha alilazimika kukiri kwamba palikuwa na mafundisho kabla yake.

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika miaka iliyofuata sindimba ilipanda jukwaa la Kikundi cha Taifa cha Ngoma, ikajulikana nchi nzima. Chuo Kikuu, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1961 na kuhamia Mlimani mwaka 1964, nacho kilifungua milango. Masomo ya sanaa za maonyesho yalianza mwaka 1967, na ngoma ikawa jambo la kusomewa. Mwaka 1970 wanahistoria walikutana Dar es Salaam kuzungumzia historia ya dini za Kiafrika. Kitabu kilichotokana na mkutano huo, kilichohaririwa na Terence Ranger na Isaria Kimambo mwaka 1972, kina makala ya Ranger juu ya jando la Masasi. Hivyo jambo la porini Masasi likawa hoja ya wasomi.

Hiyo ilikuwa heshima kubwa, baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba ngoma zetu ni ushenzi. Lakini jukwaa lina sheria zake. Ukumbini mtazamaji hukaa, mchezaji husimama, na saa huamua mwisho. Sindimba iliyotengwa na mafundisho yake ilibakiwa na kiuno tu. Wengine wakaishangilia kwa kiuno hicho, wengine wakailaumu kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili walikosea mahali pamoja, kwani walihukumu kitabu kwa jalada lake.

Hatusemi ngoma irudishwe kijijini na kufungiwa huko. Utamaduni usiotembea hudumaa. Tunasema kwamba anayeichukua ana deni. Mwalimu anayeandaa sindimba kwa tamasha la shule hana budi kuwauliza wazee maana ya wimbo kabla ya kuwafundisha wanafunzi hatua za miguu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu aandikaye tasnifu juu ya Newala yafaa arudi Newala kuyasoma aliyoyaandika, kwa Kiswahili, mbele ya waliomwambia. Na wazee wakisema kwamba jambo fulani ni la jandoni na halichezwi hadharani, neno lao liheshimiwe. Hata Chuo Kikuu hakimpi mtu shahada kabla hajatimiza masharti yake.

Walimu wa Masasi na Newala, pamoja na wale wanaofunzwa Chuo cha Ualimu Kitangali, wanaishi karibu na chemchemi yenyewe. Yaliyonaswa katika nta mwaka 1906 yalikwenda mbali. Wajukuu wa walioimba wangali hapa. Kalamu na daftari vyatosha kuanzia.