Kuuliza Njia Unyanyembe

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, uliingia Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo sasa ni Tabora. Walikuwa wameondoka pwani mwezi Juni, na vichwani mwao walikuwa na ramani iliyochorwa na wamisionari wa Kijerumani waliokaa pwani yetu, Erhardt na Rebmann. Ramani hiyo ilionyesha ndani ya bara ziwa moja kubwa mno, limejinyoosha kama konokono aliyetoka katika kombe lake. Huko London mabingwa wa jiografia walibishana juu yake, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kuisahihisha.

Aliyeisahihisha alikuwa mkazi wa Kazeh, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir. Aliwapokea wageni wale, akawasaidia kwa mengi, na katika mazungumzo akawaeleza kwamba ziwa si moja, bali ni matatu: la Nyasa kusini, la Ujiji magharibi, na la Ukerewe kaskazini, tena hilo la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke alilifikia ziwa la Ukerewe akalipa jina la malkia wake. Vitabu tulivyopewa kufundishia vilimtaja Speke kila mara. Snay havikumtaja.

Hebu msomaji tulitazame kosa lile la ramani, maana lina mafunzo kuliko safari yenyewe. Erhardt hakudanganywa. Aliwauliza wasafiri wengi, na waliopita njia ya kusini walimwambia kuwa mwisho wa njia yao kuna ziwa. Waliopita njia ya kati walisema vivyo hivyo, na wa kaskazini pia. Kila mmoja alisema kweli. Kosa lilikuwa pale kweli zao zilipounganishwa. Wala kosa hilo lisingeweza kugundulika pwani kwa urahisi, kwa kuwa pwani kila mtu alijua njia yake aliyoipita. Alihitajika mtu aliyekaa penye njia panda, na Kazeh ilikuwa njia panda: ukienda mbele unafika Ujiji, ukishika kulia unakwenda Karagwe na Buganda, ukishika kushoto unaelekea Ufipa.

Jambo la pili ni la lugha. Burton alijua Kiarabu barabara, kwa hiyo aliweza kukaa na Snay wakaulizana ana kwa ana. Speke hakukijua. Yeye alimtegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akingali mtoto, akapelekwa India, akarudi Unguja baada ya miaka mingi. Wawili hao walizungumza Kihindustani, kisha Bombay akageuza maneno kwa Kiswahili ili wenyeji waelewe. Swali la Speke lilikuwa likibadili nguo mara mbili kabla ya kumfikia mwenye jibu, na jibu nalo likirudi hivyo hivyo. Yamkini mengi yalidondoka njiani.

Sisahau kwamba njia hiyo ilipitisha watumwa na meno ya tembo, wala sitaki kuipamba. Lakini wengi waliobeba mizigo walikuwa wapagazi wa kulipwa, aghalabu Wanyamwezi, na hao walikuwa na namna yao ya kumpokea anayeanza. Mtoto wa kiume alipewa kipembe kidogo cha ndovu akibebe begani, azoee mwendo tangu bado mdogo. Kijana ambaye hajaiona pwani alitaniwa mpaka aende. Na mbele ya msafara alitangulia kirangozi, ambaye alipofika penye njia mbili aling'oa majani au kukata vijiti akaviweka kwenye njia isiyopitwa. Angalia vizuri hapo: alama haikuwekwa kwenye njia njema. Iliwekwa kwenye njia mbaya, kwa ajili ya yule anayekuja nyuma, ambaye huenda hawatajuana kamwe.

Nimeyakumbuka hayo yote uzeeni kwa sababu ya kompyuta. Miaka mitatu iliyopita, nikiwa na miaka sabini na moja, niliweka sebuleni kwangu mashine ndogo aina ya Raspberry Pi, ukubwa wake kama pakiti ya sigara, nikaiwekea programu iitwayo Kiwix. Kazi yake ni kuhifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili, pamoja na vitabu vingine, ili wanafunzi wa jirani wasome kwa simu zao bila kununua bando. Msaidizi wangu alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne akakosa nafasi ya kuendelea. Kwa vitu hivi ana mikono ya fundi hasa.

Mashine ilifanya kazi vizuri, isipokuwa kila umeme ulipokatika na kurudi. Vitabu vya zamani vilifunguka, lakini ilikataa katakata kupokea kitu kipya kutoka mtandaoni, ikidai kwamba vyeti vya usalama vya tovuti bado havijaanza kutumika. Kijana aliizima, akaiwasha, akabadili waya, akabadili kadi ya kumbukumbu. Hakuna kilichosaidia. Ikatubidi tuingie katika kikundi cha majadiliano ambamo watu wa nchi mbalimbali husaidiana, na humo lugha ni Kiingereza.

Jibu la kwanza tulilopata lilikuwa la karaha: mtu alituambia tukatafute kwanza kabla ya kusumbua watu. Nikacheka, nikasema huyu ni mtani tu. Mtu wa pili, bila hata salamu, aliuliza maswali matatu. Mlifanya nini? Mlitegemea nini? Mliona nini? Kijana akajibu yote hapo hapo, kwa Kiswahili, kwa mpango mzuri kuliko nilivyousikia kwa walimu wengi: siku ya umeme, saa, mashine ilivyoandika neno kwa neno. Mimi nikageuza kwa Kiingereza, nikatuma. Baada ya robo saa mtu yule akatutaka tuandike amri moja fupi ya kuiuliza mashine leo ni tarehe ngapi. Ikajibu tarehe ya wiki mbili nyuma.

Basi ikaeleweka. Mashine ile haina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, husimama pale ilipokumbuka mara ya mwisho, na ikiwaka huuliza saa mtandaoni; ila kisanduku cha mtandao tulichotumia kilikuwa kimeziba njia hiyo ya kuuliza. Cheti kilichotolewa jana, kwake ni cheti cha kesho. Tukanunua saa ndogo yenye betri ya kidonge, tukaichomeka, tabu ikaisha.

Nilifurahi, lakini sikulala upesi usiku ule. Aliyejua tatizo ni kijana. Aliyeuliza ni mimi, kwa kuwa nilisoma chuo cha ualimu wakati ambapo Kiingereza kilifundishwa kikafundishika. Nisingekuwapo, mashine ingebaki pale, na fundi yule angejihesabu mjinga. Ni watoto wangapi katika wilaya hii wana Bombay wao sebuleni?

Isidhaniwe kwamba kuuliza kwa lugha ya ugenini ni balaa letu peke yetu. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyetangaza Linux mwezi Agosti 1991, alilelewa kwa Kiswidi katika nchi ya Kifini, na barua yake aliiandika kwa Kiingereza. Lakini yeye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Wala si kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. JamiiForums, lililoanzishwa mwaka 2006, lilionyesha kwamba Waswahili wakipata baraza hawaogopi kuuliza wala kujibu. Kilichopungua ni vijiti kwenye njia mbaya. Programu ikisema Kiswahili siku ya uzima, lakini siku ya ugonjwa daktari akawa Mwingereza, mgonjwa atafanyaje?

Kwa hiyo nilimpa kijana daftari la kurasa mia moja, nikamwambia, "Mwanangu, andika kila kilichokataa, na jinsi kilivyokubali. Kwa Kiswahili."

"Mwalimu, hata vile tulivyojaribu vikashindikana?"

"Hivyo kwanza."

Amefika ukurasa wa 37. Ukurasa wa kwanza una habari za saa, na chini yake ameandika waya na kadi alizozibadili bure, kila moja na tarehe yake. Juzi mwalimu wa shule moja ya kata alikuja na pikipiki kulinakili, maana mashine yao nayo ilikuwa inakataa.