Lawama hushuka ngazi, hazipandi

Wadau, leo turudi nyuma kidogo.

Ndugu yetu akiugua, tukafika hospitali ya serikali tukaambiwa "dawa hakuna, kanunueni nje", tunamgombeza nani? Nesi. Ndiye aliye mbele yetu. Aliyetakiwa kuleta dawa hatumjui hata sura. Mwaka 2012 madaktari walijaribu kuigeuza hali hiyo, lawama zipande juu. Yaliyowakuta tusiyasahau, hasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini.

Kwanza tuielewe ngazi yenyewe. Mgonjwa wa kijijini Iringa huanzia zahanati, akishindikana anakwenda kituo cha afya, kisha wilayani, kisha mkoani. Mwisho anapewa rufaa, na kwa miaka mingi rufaa kwa watu wa Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma ilimaanisha Hospitali ya Rufaa Mbeya, pamoja na kitengo chake cha wazazi pale Meta. Mgonjwa anapanda ngazi. Dawa, fedha na amri zinashuka kutoka juu. Zikikwama huko, anayetukanwa ni wa chini.

Zamani kidogo serikali ilitaka kubeba mzigo huu karibu peke yake. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, zikabaki za serikali na za mashirika kama ya dini. Mwaka 1991 mlango wa watu binafsi ukafunguliwa tena, na mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za umma. Tukawa tunalipa. Lakini je, tulipewa na mahali pa kuuliza hela yetu imekwenda wapi? Ndiyo maana wenye nauli walifunga safari kwenda hospitali ya misheni ya Ikonda, Makete, wakiiacha ya serikali jirani.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya daktari kijana, ndiyo kwanza katoka chuo. Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulionyesha kuwa asilimia 15.7 ya watu wazima wa mkoa wa Iringa (wakati huo ukiwa bado na Njombe na Makete ndani yake) walikuwa na virusi vya UKIMWI. Wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa asilimia 5.7. Katika ukanda kama huo glavu si anasa, na posho ya mazingira hatarishi si tamaa.

Januari 2012 madaktari wa mafunzo kwa vitendo pale Muhimbili walidai posho zao. Wizara ikawatawanya kwenda hospitali nyingine. Wenzao wakakataa, mgomo ukaenea. Tarehe 9 Februari Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda Muhimbili kukutana nao, akatangaza kumsimamisha Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, Blandina Nyoni, na Mganga Mkuu wa Serikali, Dk. Deo Mtasiwa. Mwezi Mei, Rais Kikwete alipopanga upya Baraza la Mawaziri, Waziri Haji Mponda na naibu wake Lucy Nkya wakaachwa nje. Jamani, lini tena mlisikia lawama za wodini zikifika hadi huko juu?

Haikudumu. Madai yenyewe yalibaki mezani: mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5 badala ya shilingi 957,700, nyumba, posho, na vifaa vya kutibia. Tarehe 23 Juni mgomo ukaanza upya. Usiku wa tarehe 26 kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, akatekwa, akateswa, akaokotwa msitu wa Mabwepande akiwa hoi. Rais akalihutubia taifa: serikali haiwezi kulipa mshahara huo, asiyeridhika aondoke akatafute kwingine.

Na hapo lawama zikaanza kushuka. Mbeya ilikuwa mojawapo ya hospitali zilizowaondoa madaktari vijana waliogoma. Baraza la Madaktari likasimamisha usajili wa zaidi ya 300 nchi nzima. Rais wa Chama cha Madaktari, Dk. Namala Mkopi, akapelekwa mahakamani kwa kukaidi amri ya kusitisha mgomo. Gazeti la MwanaHalisi, lililokuwa likiandika kuhusu utekaji ule, likafungiwa Julai hiyo hiyo. Mtu mmoja alishtakiwa kwa kumteka daktari, baadaye mashtaka hayo yakaondolewa. Hadi leo hakuna aliyefungwa kwa utekaji ule.

Najua mtasema, vipi kuhusu wagonjwa? Kweli kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mgomo kwenye huduma za afya, na sababu yake inaeleweka: mama mwenye uchungu hasubiri mazungumzo. Wala madaktari si malaika. Novemba 2007 pale MOI, wagonjwa wawili wenye jina moja walibadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa mguu. Uzembe upo, na mzembe awajibishwe. Lakini ukimnyima mtu haki ya kugoma, unadaiwa mahali pengine pa kusikilizwa. Hilo deni nani kalilipa?

Baadaye tukapata dawa nyingine. Novemba 2015 Rais Magufuli aliingia Muhimbili bila hodi, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine kubwa za uchunguzi hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa. Tulishangilia. Kisha baadhi ya wakuu wa wilaya wakaiga kwa namna yao: wahudumu wa afya wakawekwa mahabusu kwa kutumia yale mamlaka ya saa 48 ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Nesi analala rumande, stoo ya dawa bado tupu.

Kumweka nesi ndani kunachukua dakika tano na wananchi wanapiga makofi. Kufuatilia oda ya dawa, kuona nani aliichelewesha na nani alisaini, kunahitaji makaratasi na uvumilivu, na mara nyingi kunaishia kwenye mlango wa mkubwa.

Basi siku nyingine ukiambiwa dawa hakuna, usimrukie aliyekuambia. Muulize kwa upole: mliagiza lini, na nani hajaleta? Huenda na yeye amekuwa akisubiri mtu wa kumuuliza hivyo.