Jaribu mfumo mwepesi kabla ya kuitupa kompyuta ya zamani

Kompyuta yako inachelewa kuwaka na kukwama kila saa? Huenda si mbovu, imelemewa tu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11.

Mifumo ya Linux hupatikana bure. Kama RAM ni GB 2 hadi 4, jaribu Linux Mint toleo la Xfce. Chini ya hapo, antiX au Puppy Linux inafaa zaidi.

Pakua mfumo, kisha uuweke kwenye flashi kwa programu ya Rufus (flashi yenyewe itafutwa yote). Washa kompyuta huku ukibonyeza F12, F9 au Esc, kutegemea aina yake, na uchague flashi. Mfumo utafanya kazi bila kugusa diski. Pima Wi-Fi, sauti na kibodi. Kurasa nyingi za intaneti zikifunguliwa pamoja bado zitaielemea.

Usikimbilie kusakinisha. Ukichagua kufuta diski, vyote vilivyomo vinaondoka. Nakili kwanza picha, vyeti vya shule na nyaraka za usajili ulizoskani, hasa kama karatasi zenyewe zilibaki nyumbani ulikokimbia. Kompyuta ikiwa ya kituo, omba ruhusa.