Uzi: Je, mtu anaweza kufungwa kwa neno la mlalamishi peke yake?

1/ Kila mara korti ya rufaa ikimwachilia mtu aliyekuwa amefungwa kwa ubakaji, mtandao hugawanyika. Hawa wanasema, "Si mnaona, alisingiziwa!" Wale wanasema, "Majaji wamekula pesa." Halafu wanasiasa wanaingia, kila mmoja akiwaambia wafuasi wake wanachotaka kusikia. Wacha nieleze hii sheria ilitoka wapi, maana historia yake inajibu mengi.

2/ Tuanzie Uingereza, karne ya 17. Jaji mmoja mkubwa, Matthew Hale, aliandika kwamba shtaka la ubakaji ni rahisi kulitoa, ni gumu kulithibitisha, na ni gumu zaidi kwa mshtakiwa kujitetea hata kama hana hatia. Alikufa 1676, kitabu kikachapishwa 1736. Fikra hiyo ikakaa ndani ya sheria ya Kiingereza kwa vizazi.

3/ Mkoloni alipotuletea sheria yake, fikra ikaja nayo. Uhuru ukapatikana, yenyewe ikabaki. Miaka ya 1960 na 1970 korti za rufaa za Afrika Mashariki zilisisitiza kwamba kwa kesi za ngono, hakimu lazima ajionye kuwa ni hatari kumfunga mtu kwa ushahidi wa mlalamishi pekee. Sababu? Eti tajriba inaonyesha wanawake na wasichana wakati mwingine hutunga uongo.

4/ Fikiria hapo kidogo. Mwanamume akisema jirani yake amempiga mchana peupe, hakuna aliyemwambia hakimu ajihadhari na neno lake kwa sababu ni mwanamume. Lakini mwanamke aliyebakwa alifika kortini neno lake likiwa tayari limepunguzwa uzito, hata kabla hajafungua mdomo.

5/ Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikakataa. Majaji walisema kumdai mwanamke mtu mzima ushahidi wa pili, kwa sababu tu kesi ni ya ngono na yeye ni mwanamke, ni ubaguzi uliokatazwa na Kifungu cha 82 cha Katiba ya wakati huo. Waingereza wenyewe walikuwa wamefuta lazima ya onyo hilo 1994. Tulikuwa tumebaki tukitunza mzigo ambao mwenyewe ameshautupa.

6/ Halafu ikaja Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, na Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kikapata sura yake ya leo. Kinasema hivi, kwa ufupi: kwa kesi ya ngono, kama ushahidi uliopo ni wa mwathiriwa peke yake, korti inaweza kumtia mshtakiwa hatiani. Lakini kuna sharti. Lazima hakimu aridhike kwamba mwathiriwa anasema ukweli, na AANDIKE sababu zake.

7/ Hapo kwa "aandike" ndipo rufaa nyingi husimama au kuanguka. Tangu uamuzi maarufu wa 1972, korti ya kwanza ya rufaa hupima upya ushahidi wote, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakiongea. Jaji hakuona mtoto akitetemeka wala mshtakiwa akibabaika. Ana karatasi tu. Kama hakimu aliandika "nimemwamini" akaishia hapo, jaji atashika nini? Na ukienda rufaa ya pili, hoja ni za sheria pekee.

8/ Majaji huangalia nini? Kwanza, kama maelezo yamebaki yaleyale kwa mambo ya msingi, kuanzia polisi hadi kizimbani. Kukosea rangi ya shati si kitu. Kubadilisha nani alifanya nini ni kitu kikubwa. Pia: alimtambuaje? Kulikuwa na mwanga? Kama alichelewa kuripoti, kuna maelezo, kwa mfano vitisho? Fomu ya P3 husaidia, lakini korti zimesema mara nyingi ubakaji hauthibitishwi na daktari pekee. Na maisha yake ya mapenzi ya zamani? Kifungu cha 34 kinakataza kuyaleta bila ruhusa ya korti.

9/ Sasa sikilizeni wa pande zote mbili. Hukumu ikifutwa, sababu zinaweza kuwa nyingi: umri wa mtoto haukuthibitishwa, shahidi muhimu hakuitwa, mshtakiwa alinyimwa haki zake. Jaji kupata shaka si sawa na jaji kusema mlalamishi ni mwongo. Na mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Ukiupunguza leo kwa sababu humpendi mshtakiwa, kesho utakosekana kwa kesi ya ndugu yako.

10/ Ile hofu ya zamani pia haikuisha haraka. Sheria hiyohiyo ya 2006 iliweka Kifungu cha 38: ukitoa madai ya uongo, unapewa adhabu sawa na ya kosa ulilodai. Hebu fikiria msichana anayejua kesi ikianguka anaweza kugeuziwa kibao. Angeripoti? Kifungu hicho kilifutwa 2012.

11/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme "turudishe ushahidi wa pili," mwulize kama anajua ulitoka wapi na ulimlenga nani. Na mwingine akisema "akishtakiwa afungwe tu," mwulize sababu zilizoandikwa na hakimu ziko wapi.

12/ Mimi ningetaka wagombea watuambie jambo moja: watafanya nini ili polisi waandike taarifa vizuri mara ya kwanza, na mahakimu wapate muda wa kuandika sababu? Mwathiriwa anaweza kusema ukweli mtupu na bado apoteze kesi kwa karatasi mbovu. Na asiye na hatia anaweza kukaa ndani miaka kwa karatasi hiyohiyo.

Hukumu ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kabla ya kugombana, someni.