Bei ya ekari moja: devi ya karanga ya Tanganyika, 1946–1951



Wengi wetu tukimaliza chuo, kazi ya kwanza tunayopewa si jembe wala shamba, ni devi. Mkubwa wa shirika anakuita: "Agronomu, tuko na mradi wa muhogo, hekta mia tano, utuletee bei kesho asubuhi." Unafanya nini? Unachukua bei ya hekta moja, unazidisha mara mia tano, unaongeza asilimia kumi ya dharura, unasaini. Historia ninayowaletea leo ni ya watu waliofanya hesabu ya namna hiyo hiyo, ila kwa hekta milioni moja na laki tatu. Na hawakuwa wajinga, njo maana nimeichagua.

Tuko mwaka wa 1946. Uingereza imeshinda vita lakini nyumbani hakuna mafuta: siagi, majarini na sabuni vinatolewa kwa mgawo. Mwezi wa tatu, Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, anapeleka wazo kwa serikali yake: tulime karanga Afrika ya Mashariki, kwa mashini, kwa ukubwa ambao haujaonekana bado. Kampuni ile ilikuwa mtoto wa Unilever, na jina hilo sisi Wakongomani tunalijua. Unilever njo ilikuwa na Huileries du Congo Belge, mashamba ya michikichi ya Leverville na kwingineko, tangu mkataba wa Lever na Ubelgiji wa mwaka 1911. Kwa hiyo mafuta ya mimea hawakuyajifunza siku ile. Sema mchikichi na karanga si ndugu. Mchikichi unaupanda mara moja, unavuna miaka na miaka. Karanga kila mwaka unaanza tena: mbegu, kulima, mvua, kung'oa.

Serikali ikatuma watu watatu. John Wakefield alikuwa mkurugenzi wa kilimo wa zamani wa Tanganyika, David Martin alikuwa mtu wa mashamba wa ile kampuni, na John Rosa alitoka wizara ya makoloni. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa 1946 walizunguka, wakaandika, wakarudisha ripoti. Mpango wao: ekari 3,210,000, zikatwe katika uniti 107, kila uniti ekari 30,000. Uniti 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), 10 Kenya. Bei: karibu pauni milioni 25. Faida: Uingereza ingepunguza pesa ya kununua mafuta nje kwa pauni milioni 10 kila mwaka. Ukiangalia karatasi tu, hata mimi ningekubali.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe, juu shida iko humo. Gawa milioni 25 kwa ekari zote, unapata kati ya pauni 7 na 8 kwa ekari moja. Ndani ya bei hiyo mulitakiwa kuingia kung'oa pori, kulima, trakta, garaji, nyumba za wafanyakazi, maji, barabara. Na bei ya ekari moja ni kitu kidogo chenye mkia mrefu. Shilingi moja ikizidi kwa kila ekari (wakati ule shilingi 20 zilifanya pauni moja), mradi mzima unapanda kwa pauni 160,500. Ikizidi pauni moja, ni milioni 3 na laki mbili. Ukikosa nusu ya bei, umepotea kabisa.

Mutu atasema: lakini makosa yanafutana, kimoja kinazidi, kingine kinapungua. Ni kweli, ila si kila mara. Fundi wa nyumba akizidisha bei ya mlango na akapunguza bei ya dirisha, jumla inaweza kukaa sawa, kwa sababu kosa la mlango halijui kosa la dirisha. Karanga za Wakefield hazikuwa hivyo. Uniti 107 zote zilizaliwa na bei moja ya mama. Kama ile bei ya kung'oa pori ilikuwa ndogo kwa uniti ya kwanza, ilikuwa ndogo kwa zote. Ile asilimia kumi ya dharura tunayozoea kuandika chini ya devi inalinda dhidi ya mlango na dirisha tu. Bei ya mama ikiwa mbaya, asilimia kumi inaisha siku ya kwanza.

Na ilikuwa mbaya. Kazi ilianzia Kongwa, katikati ya Tanganyika, mwanzo wa 1947. Bei ya kung'oa pori ilijengwa juu ya mashini nzito zinazotembea vizuri. Lakini mwaka ule viwanda vilikuwa vimetoka vitani, trakta mpya za kutosha hazikupatikana. Wakanunua za zamani za jeshi, nyingine zikatoka mpaka Ufilipino. Wakageuza na vifaru vya vita kuwa trakta, wakaviita Shervick. Kwa karatasi, "trakta" ni mstari mmoja. Kwa udongo, trakta iliyochoka inaita piese, piese zinaita meli, meli inaita bandari ya Dar es Salaam ambayo tayari ilikuwa imejaa, bandari inaita reli ya njia moja, na reli hiyo ilikatwa na maji ya mvua. Fundi naye anahitaji garaji, na dereva anahitaji mutu wa kumfundisha. Kila moja ya vitu hivi ni hitaji lenye bei yake, hata kama hukuliandika. Usipoliandika wewe, shamba litakuandikia.

Hata pori lenyewe lilikataa. Miti midogo ya Kongwa imeshikana kwa mizizi, mibuyu ni mikubwa na mingine iko na nyuki ndani. Mwishowe walitumia mnyororo wa nanga ya meli, trakta mbili zinauvuta, mti unalala. Ni akili nzuri, lakini haikuwa katika devi.

Hapa niseme kama agronomu. Karanga inatoa ua juu, halafu kile kidole chake kinashuka, kinaingia udongoni, njo huko inafunga tunda. Inataka udongo unaofunguka. Udongo wa Kongwa uko na mfinyanzi mwingi. Mvua ikikatika unakauka, unakuwa sawa na sementi. Kwa hiyo kulima ni kazi, na kuvuna ni kazi mara mbili, sababu mavuno yamefungwa chini. Tena mchanga wake mkali ulikuwa unakula meno ya majembe. Eneo lenyewe ni kavu, na mvua yake haina adabu: mwaka huu inakuja, mwaka ujao inakunyima. Wagogo walioishi pale walikuwa wafugaji wa ng'ombe, na hiyo peke yake ilikuwa habari kubwa kwa mutu anayejua kusoma mazingira. Aina ya udongo, mvua ya miaka mingi, nguvu ya kuvuna: haya ni mahitaji ya mmea kabla ya kuwa mahitaji ya mradi, na yote yako na bei. Ukiandika "ardhi ipo", umeandika kama vile bei yake ni sifuri.

Mwaka wa kwanza mpango ulisema ekari 150,000, yaani uniti tano kwa pigo moja. Zilizopandwa zilikuwa karibu 7,500. Sasa angalieni kitu ambacho watu wanaosimulia historia hii wanakiruka. Siku ambayo ekari zilipungua, gharama hazikupungua pamoja nazo. Hospitali, nyumba, mabomba ya maji, garaji kubwa, mishahara ya wakubwa, vyote vilikuwa vimepimwa kwa mashamba ya milioni tatu. Tuchukue mfano rahisi, wa hesabu tu: kitu cha kulipwa pauni 3,210,000. Ukikigawa kwa ekari zote za mpango, ni pauni moja kwa ekari. Ukipata sehemu moja ya kumi ya ekari, kitu kile kile kinakuwa pauni kumi kwa ekari. Hakuna aliyeiba, hakuna bei iliyopanda sokoni. Ni kigawanyo tu kimevunjika. Na kweli, mpaka mwisho mradi haukufikisha hata sehemu moja ya kumi ya ekari zake.

Watu pia walikuwa na bei yao. Ukileta maelfu ya wafanyakazi katika eneo kavu, chakula kinapanda, na mshahara wa jana haushibishi leo. Mwezi wa tisa 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukapanda na reli mpaka Kongwa. Katika devi nyingi ninazosoma hapa kwetu, "mano" (hivyo njo tunaita kazi ya mikono) ni mstari mmoja wenye bei moja tangu mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Kama vile mfanyakazi hali.

Mutu atauliza, kwa nini hawakusimama? Wangeweza kuanza na uniti moja, wakapima saa ngapi za trakta kwa ekari, mafuta lita ngapi, piese ngapi, kilo ngapi za karanga, halafu wakarudia hesabu. Lakini ripoti ilitangazwa mwanzo wa 1947, na John Strachey, waziri wa chakula, alikuwa amesimama nayo mbele ya bunge. Toka siku hiyo, bei ikawa ahadi. Bei ya makisio unaweza kuirekebisha, lakini ahadi ya waziri inatafutiwa maelezo. Mwaka wa 1948 shirika la serikali, Overseas Food Corporation, likapokea kazi toka kwa kampuni, na lenyewe likaendelea na kichwa kilekile. Mwezi wa kwanza 1951 serikali ilikubali kuufuta, na pauni milioni 36 na nusu zikafutwa katika vitabu. Hiyo ni zaidi ya bei ya kwanza ya mradi mzima, kwa kipande kidogo cha kazi.

Nikirudi kwa wewe na hekta zako mia tano za muhogo. Sisemi ukatae kutoa bei kesho asubuhi, mkubwa atamwita mwingine. Lakini toa bei yenye matawi. Weka mbali vinavyopanda na hekta (vipandikizi, palizi, kubeba) na visivyojali hekta (motokari, ofisi, mtaalamu), halafu onyesha jumla inakuwaje kama hekta zitafika mia mbili tu. Kwa kila hitaji andika linamngoja nani: vipandikizi safi vinangoja shamba la mbegu, shamba la mbegu linangoja mvua ya mwaka mmoja mzima. Na andika bei ya hekta umeipata wapi, kilima gani, msimu gani. Bei ya bonde la Ruzizi haipandi mlima wa Walungu. Juu devi ikivunjika, anayelipa kwanza si shirika. Ni yule mama aliyekwisha kung'oa maharagwe yake kukupisha, anangoja vipandikizi haviji, na watoto wanakula mara moja kwa siku. Jina atakalolitaja ni lako, si la aliyekutuma.

Karanga zenyewe ziliacha alama. Kule kusini walijenga bandari ya Mtwara na reli mpaka Nachingwea, kubeba mavuno ambayo hayakuja. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini, bandari inafanya kazi mpaka leo. Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe, na miaka ya sitini ikapokea kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Urambo, upande wa Tabora, wakulima waligeukia tumbaku. Ukivuka ziwa toka Kalemie au Uvira, ukapanda treni pale Kigoma kuelekea Tabora, utapita katika kituo chake.