Nichague Familia Ipi? Historia ya Walei Walioishi Karama za Watawa



Katika parokia zetu za Butembo na Beni, kijana anayemaliza mafundisho ya Kipaimara hukuta mbele yake milango mingi. Huyu anamwita katika Lejio ya Maria, yule katika Kizito-Anuarite, mwingine katika Xaveri au katika kikundi cha sala. Anapoendelea kukua, anasikia pia habari za walei wanaofuata njia ya Mtakatifu Fransisko, ya Karmeli au ya Mtakatifu Dominiko, nao si mapadri wala masista, bali ni watu wenye ndoa, maduka, mashamba na madeni kama jirani zao. Ndipo swali linapozaliwa: mimi niingie wapi?

Wengine huchagua kwa kumfuata rafiki. Wengine huvutwa na kitenge cha sare siku ya sikukuu. Wengine hujiandikisha kila mahali, na mwisho hawadumu popote. Kabla ya kujibu, inafaa tuiulize historia, kwa maana swali hili limeulizwa na wabatizwa kwa zaidi ya miaka 800.

Kwa nini tunasema Utawa wa Tatu

Mwanzoni mwa karne ya 13, katika miji ya Italia, kulikuwa na walei waliojiita watubu. Walitamani kuiishi Injili kwa ukamilifu, lakini hawakuweza kuacha wake, waume na watoto wao. Mahubiri ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi yaliwasha moto mpya kati yao. Fransisko alikuwa na ndugu zake, ambao ndio utawa wa kwanza. Mtakatifu Klara na masista wake wa ndani wakawa utawa wa pili. Walei hao waliobaki majumbani mwao wakaitwa utawa wa tatu. Hesabu hiyo ilifuata mpangilio wa familia, wala haikuwa ngazi ya heshima.

Mwaka 1221 watubu hao walipata kanuni yao ya kwanza iliyoandikwa. Vijana wa leo wangeshangaa kuona ilidai nini kabla ya mtu kupokelewa. Aliyetaka kuingia alipaswa kwanza kupatana na majirani zake, kulipa madeni yake, na kurudisha mali ya watu aliyokuwa ameipata kwa njia isiyo halali. Mwanamke mwenye ndoa hakupokelewa bila ridhaa ya mumewe, ili sala isije ikavunja nyumba. Kisha alijaribiwa mwaka mzima. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, lakini hakuna aliyeupita huku amebeba mali ya jirani mgongoni.

Kanuni hiyo ilikuwa na agizo jingine zito: watubu wasibebe silaha za kuua. Miji ya Italia wakati ule ilipigana kila mara, na watawala waliwataka raia waape kuwafuata vitani. Watubu walikataa. Mwaka huohuo Papa Honorius III alimwandikia Askofu wa Rimini, akimwagiza awalinde watubu wa Faenza na wa sehemu za jirani waliokuwa wakilazimishwa kuapa kwamba watashika silaha. Baadaye, mwaka 1289, Papa Nikolasi IV aliithibitisha kanuni ya utawa huo, akiruhusu silaha kwa kulitetea Kanisa, imani au nchi yao tu. Sisi tunaokaa katika nchi ambamo kijana hupewa bunduki upesi kuliko kazi hatuhitaji maelezo marefu ili kuelewa uzito wa jambo hilo. Kwa watu wale, kuchagua familia ya kiroho kulimaanisha kukubali kusema hapana mbele ya wenye nguvu.

Kisima kimoja, mitungi mbalimbali

Wafransisko hawakubaki peke yao. Mjini Siena, Italia, binti aliyezaliwa mwaka 1347, jina lake Katarina, alijiunga na wanawake walei waliofuata njia ya Mtakatifu Dominiko. Wengi wao walikuwa wajane, nao walisita kumpokea kwa sababu ya ujana wake. Hakuishi katika monasteri. Alihudumia wagonjwa, alipatanisha koo zilizochukiana, na alimsihi Papa Gregori XI arudi Roma kutoka Avignon. Alikufa mwaka 1380, akiwa na miaka 33. Mwaka 1970 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa mlei. Karmeli nayo ilifungua mlango wake kwa walei, baada ya Papa Nikolasi V kuupa utawa huo ruhusa mwaka 1452. Monasteri za Mtakatifu Benedikto zina waoblati, yaani walei wanaojitoa kwa Mungu kwa kuambatana na monasteri fulani.

Familia hizi zinatofautiana kwa mkazo. Mfransisko mlei hujifunza ufukara, udugu na amani. Mdominiko mlei hujengwa juu ya nguzo nne: sala, masomo, jumuiya na mahubiri. Wa Karmeli hutafuta ukimya na sala ya moyo. Mwoblati hulinganisha sala na kazi za kila siku. Kisima ni kimoja, naye ni Kristo. Mitungi ndiyo mbalimbali.

Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 303, unaeleza utawa wa tatu hivi: ni chama ambacho wanachama wake wanaishi ulimwenguni, wanashiriki roho ya shirika fulani la kitawa, wanafanya utume na kutafuta ukamilifu wa Kikristo chini ya uongozi wa juu wa shirika hilo. Kwa hiyo tusichanganye mambo. Lejio ya Maria, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921, ni chama cha kitume. Si utawa wa tatu. Kwaya ni huduma ya liturujia. Vyote ni vyema, lakini haviombi kitu kilekile kwa mtu.

Je, mtu anaweza kuwa katika viwili? Sheria ya mwaka 1917 ilikataza mtu kuwa katika utawa wa tatu miwili kwa pamoja bila kibali cha Roma, ingawa aliweza kuhama kwa sababu ya haki. Sheria ya sasa, katika kanuni ya 307, inaruhusu mtu mmoja kuandikishwa katika vyama mbalimbali. Hata hivyo, Wafransisko Wasekulari bado hawampokei mtu aliyekwisha kufungwa kwa ahadi ya kudumu na familia nyingine ya kitawa. Sababu yake inaeleweka: karama inaomba moyo mzima, na moyo wa mtu ni mmoja.

Mashahidi wa upande wetu

Tusidhani kwamba historia hii ni ya Ulaya tu. Isidori Bakanja alikuwa kijana wa upande wa Mbandaka, mfanyakazi wa kawaida. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapokea skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Wamisionari waliomfundisha hawakuwa wa Karmeli. Walikuwa Watrapisti, wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Neema haikuzuiwa na mipaka ya mashirika. Alipokuwa akifanya kazi Ikili, katika kituo cha kampuni ya Wabelgiji, msimamizi aliyechukia dini alimwamuru aivue skapulari. Isidori hakukubali. Mwaka 1909 alichapwa kwa mjeledi wenye misumari hadi mgongo wake ukawa kidonda, na baada ya miezi ya mateso alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Kile kitambaa kidogo kilikuwa sare yake, naye alijua kinamaanisha nini.

Edel Quinn wa Ireland alitamani sana kuwa mtawa wa ndani wa Mtakatifu Klara. Kifua kikuu kikamzuia. Angeweza kukaa akilia juu ya mlango uliofungwa. Badala yake, mwaka 1936, akiwa mdhaifu wa mwili, alitumwa na Lejio ya Maria katika Afrika ya Mashariki, akasafiri katika Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko akianzisha vikundi vya walei. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Mlango alioupenda haukuwa mlango aliopewa, na matunda yakaja kwa ule aliopewa.

Hata jimbo letu limezaliwa katika karama fulani. Waasumpsionisti, ambao shirika lao lilianzishwa na Padri Emmanuel d'Alzon huko Nîmes, Ufaransa, mwaka 1845, walifika Kongo mwaka 1929. Misheni ya Beni ilisimikwa mwaka 1934, ikawa jimbo mwaka 1959, na mwaka 1967 ikapewa jina la Butembo-Beni. Mashirika hayo na mengine yaliyofuata yametulea sisi sote. Hivyo kijana wa Mususa anayesali "Ufalme wako ufike" anatamka maneno ambayo Waasumpsionisti wameyafanya kuwa wito wao. Kabla ya kutafuta kisima cha mbali, ajue ni maji gani amekunywa tangu utoto.

Shahidi wa mwisho ni wa mkoa wetu wenyewe. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Akiwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na Andrea Riccardi pamoja na wanafunzi wenzake wa sekondari. Jumuiya hiyo si utawa wa tatu. Inasimama juu ya mambo matatu: sala, maskini na amani. Floribert alizoea kusali pamoja na wenzake na kuwahudumia watoto wa barabarani. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Alipewa rushwa ili aruhusu vyakula vilivyooza vipite mpakani, akaikataa, kwa sababu vingeliwa na watu. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 2 Februari 2023, mjini Kinshasa, Papa Fransisko aliwawekea vijana mfano wake, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma.

Tuangalie vizuri. Floribert hakuuawa kanisani wala katika mkutano wa kikundi. Aliuawa kwa sababu ya sahihi aliyokataa kuitia mezani pa kazi. Lakini nguvu ya kukataa siku ile haikuzaliwa siku ile. Ilijengwa polepole, jioni kwa jioni, katika sala na kati ya watoto wasio na mtu.

Basi tuchague namna gani?

Historia hii inatupa mwanga wa kutosha. Kwanza, familia ya kiroho haiongezi sakramenti ya nane. Mtaguso wa Pili wa Vatikano umefundisha kwamba wabatizwa wote wameitwa kuwa watakatifu. Familia inatusaidia kuitika wito huo kwa njia moja mahususi. Asiyejiunga popote hajapungukiwa na Ubatizo.

Pili, tupime kikundi kwa vipimo vya Kanisa. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya walei wa mwaka 1988, alitaja vitano: kutanguliza utakatifu, kuungama imani katoliki, kuwa na umoja na Papa na Askofu, kushiriki utume wa Kanisa, na kuwa chachu ya haki katika jamii. Kikundi kinachomtenga kijana na parokia yake, au kinachomfundisha kuwadharau wa vikundi vingine, kimeanguka katika vipimo hivyo hata kama sala zake ni ndefu.

Tatu, tusichague kwa haraka. Katika utawa wa tatu kuna kipindi cha kufahamiana, kisha malezi, kisha ahadi. Nenda, kaa nao, tazama wanavyoishi siku ambazo hakuna sikukuu. Omba shauri kwa padri au kwa mkubwa unayemwamini. Jiulize ni mzigo upi tayari Mungu ameuweka moyoni mwako: ni wagonjwa, ni ukimya, ni kufundisha, ni amani? Mara nyingi karama huanza kuonekana hapo.

Nne, tukumbuke masharti ya mwaka 1221. Kabla ya kuomba kupokelewa, lipa deni, rudisha cha watu, patana na jirani. Mji wetu ni wa biashara. Bidhaa zinaingia kupitia Kasindi na kusafiri hadi sokoni. Mwanachama anayevaa skapulari na kupunja mizani amechagua kitambaa tu. Asiye na kikundi ila ana mizani ya haki yuko karibu zaidi na mlango kuliko anavyodhani.

Ya kujadiliana katika kikundi

1. Kati ya Katarina, Isidori, Edel na Floribert, ni nani anafanana zaidi na hali yako ya sasa, na kwa nini?

2. Je, kuna deni, ugomvi au mali ya mtu ambayo ungepaswa kuishughulikia kabla ya kujiunga na familia yoyote ya kiroho?

3. Kikundi chetu kinatuandaa namna gani kwa siku ambayo mmoja wetu ataombwa kutia sahihi jambo ovu?

Mwenyezi Mungu awape roho ya mashauri. Na yule mlango atakaowafungulia, uingieni kwa moyo mzima.